Mwaka Walipomwita Obadia Mhujumu

Tulimzika Obadia Njombe, nyuma ya nyumba ya kwao, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi na watu wamejikunyata ndani ya makoti. Nilisimama upande wa akina mama na shali langu shingoni, nikiwa na huzuni ya kawaida ya mtu mzima anayemzika rafiki, hadi mshereheshaji aliposema kwamba mwajiri wa zamani wa marehemu ana neno. Bwana Festo akasogea mbele akitembelea fimbo. Amezeeka, amepungua, lakini sauti ni ileile ya mkurugenzi. Akasema, “Huyu alikuwa mwanangu. Kompyuta nilimfundisha mimi. Tulijenga pamoja huduma ya kwanza ya mtandao katika nyanda hizi, na siku zote tulifanya kazi kwa upendo.” Watu wakaitikia amina. Nilihisi damu inanipanda kichwani mpaka masikio yakaziba. Wakati wa chakula dada yake Obadia alinifuata pale nilipokaa, akanisalimu kwa kikwetu, “Kamwene, dada Eda. Mbona hugusi chakula?” Nikamwambia tumbo haliko sawa. Halikuwa tumbo. Sikufungua mdomo pale kaburini kwa sababu ya mjane na watoto, ambao hawakustahili kusikia ugomvi juu ya udongo mbichi. Hapa hakuna udongo mbichi, kwa hiyo nitasema.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda vya umma vilikuwa vimeshapata wenyewe wapya au vinasubiri kupata, mashirika yanavunjwa, na kila mwenye koti na mkoba alijiita mwekezaji. Bwana Festo alikuwa ameacha kazi serikalini na kufungua kampuni ya mtandao. Ofisi kuu ilikuwa Makambako, pale njia panda, kwenye nyumba ya matofali iliyotazamana na karakana ya malori, na dishi kubwa la setilaiti lilikuwa limesimikwa uani. Ofisi ndogo ilikuwa Njombe, imeunganishwa na Makambako kwa minara ya redio. Njombe nilikuwa peke yangu, kwenye chumba chenye dirisha moja lililofunga vibaya, jiko la mkaa chini ya meza na blanketi miguuni. Wateja wetu walikuwa mashamba ya chai, wafanyabiashara wa mbao, hospitali za misheni, na walimu wa Kidugala waliokuja na barua pepe zao wameziandika kwanza kwa kalamu. Makambako alikuwa Obadia. Yeye ndiye aliyekaa na seva, ile mashine kubwa nyeusi iliyopokea na kugawa barua za watu wote, na sauti yake ndiyo iliyonifungulia siku. “Eda, umeamka au bado umeganda?” aliniuliza kwenye simu, na mimi nilimjibu kwamba Makambako wana upepo, baridi hawaijui. Tulisoma chuo kimoja Dar es Salaam. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Watu walidhani hajasikia.

Kati ya masika na kipupwe mkurugenzi alimleta mtaalamu kutoka Dar, ambaye pia alikuwa shemeji yake. Wawekezaji kutoka nje walikuwa wanakuja kuiangalia kampuni, nao walitaka kuona mfumo mpya. Shemeji huyo akabadilisha kerneli ya seva. Kwa asiyejua mambo haya, kerneli ni kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, ile sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe, yaani diski, kumbukumbu, kadi ya mtandao. Kukibadilisha hakuonekani kwa macho. Mashine inazimwa, inawashwa, na mambo yote yanaonekana kama jana. Sababu yake ilikuwa nzuri, sitamdhulumu: kerneli ya zamani ilikuwa na tundu ambalo wahuni wangeweza kupitia. Alimaliza, akala kuku kwa Bwana Festo, akapanda basi akarudi Dar. Juma hilohilo seva ikaanza kuzimika. Haikuwa kuzimika kwa umeme. Taa zake zilibaki zinawaka, feni inazunguka, lakini mashine haijibu chochote, kama mtu aliyekufa amefumbua macho. Obadia aliizima na kuiwasha, ikafanya kazi hadi kesho yake asubuhi, ikaganda tena.

Obadia alitambua mapema. Ninataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye lilifutwa kana kwamba halikuwahi kusemwa. Alinipigia akaniambia, “Eda, hii kerneli mpya haielewani na ile kadi ya mtandao. Nimeiacha ya zamani kwenye diski. Niruhusuni niirudishe kwa muda, tuangalie.” Aliyesema “niruhusuni” alikuwa mwanamume aliyekuwa na funguo zote za mashine ile. Angeweza kuirudisha bila kumwambia mtu, lakini aliomba, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Ombi hilohilo alilipeleka kwa mkurugenzi, naye akakataa. Shemeji alikuwa amesema kwa simu kwamba tatizo ni vumbi. Wakapuliza vumbi. Halafu ikawa umeme, wakanunua kifaa cha kutuliza umeme. Seva iliendelea kuganda, na wateja wakaanza kuja ofisini na hasira. Muuguzi mkuu wa hospitali moja ya upande wa Ludewa alisafiri siku nzima kwenye gari la mizigo kuja kuuliza majibu ya vipimo vya mgonjwa wake, maana alikuwa ametuma barua pepe hadi akachoka. Obadia alimwandalia chai, akakaa naye, akamwomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kisha mkurugenzi akagundua jambo, au akajifanya amegundua. Seva iliganda asubuhi, na asubuhi ilikuwa zamu ya Obadia. Mchana alipoingia karani mwingine, mashine ilitulia. Kwa mtu anayetaka kujua ukweli, hilo lingekuwa swali: asubuhi kuna nini? Asubuhi ndipo mashamba ya chai yalipotuma taarifa zao nzito, na wafanyabiashara wa mbao picha za mizigo, yote yakitoka Njombe kwa mkupuo. Lakini kwa mtu anayetafuta wa kumtwisha mzigo lilikuwa jibu tayari. Bwana Festo aliitisha kikao, nami nikashuka Makambako kuhudhuria. Tulikaa kwenye chumba chake chenye zulia jekundu na picha ya dishi ukutani. Akasema, “Humu ndani kuna mhujumu.” Nilidhani nimesikia vibaya. Neno hilo tulikuwa tumelizoea utotoni, enzi zile watu walipokamatwa kwa kuficha sabuni na sukari. Sasa mtu aliyejitajirisha kwa soko huria alikuwa amelichukua kutoka kwenye enzi aliyoisema vibaya kila siku, akamtupia kijana wake mwenyewe. Obadia akasema, “Bosi, nilikuomba nirudishe kerneli.” Mkurugenzi akapiga meza. “Unaona? Kila siku yeye ni kurudisha, kurudisha! Hataki maendeleo!” Hatukuwa tumetoka kikaoni askari walipoingia. Walimtoa mbele ya wateja, mkono mmoja ukiwa umemshika ukosi. Kuna mama aliyekuwa akilipia barua ya mwanawe aliyeko Ulaya. Akavuta mkoba wake karibu na tumbo Obadia alipopita. Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, lakini mkoba ule uko mbele ya macho yangu hadi leo.

Mimi nikaamriwa nibaki Makambako nishike nafasi yake, na Njombe akatumwa kijana wa muda. Nilipata chumba kwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Shaibu mwenye malori ya mbao na viazi, karibu na stesheni ya reli. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, kioo, na pazia la maua ambalo upepo ulilicheza hata dirisha likiwa limefungwa. Bi Zuhura hakuamini kwamba mtu wa Njombe anaweza kushiba kwa ugali na maharage. Alinijazia wali wa nazi, samaki wa kupaka, chai ya tangawizi iliyonitoa machozi. Kwenye mkeka wao nilisikia mji mzima ukimhukumu Obadia. Madereva waliokuja kula walisema amelipwa na kampuni ya washindani. Mmoja akasema ni mambo ya ushirikina, kompyuta imetupiwa jini. Mzee Shaibu aliwasikiliza wote, akanigeukia. “Binti, wewe unafanya naye kazi. Kaharibu au hajaharibu?” Nikasema hajaharibu. Akasema, “Lori langu likizima kwenye mlima wa Kitonga, nafungua injini. Simfungi dereva kwanza. Kalifungue lori lako.” Bi Zuhura akamwambia aniache nile.

Asubuhi ya kwanza kwenye kiti cha Obadia seva ikaganda mikononi mwangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi karibu nipige vigelegele. Nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi nikamwambia mhujumu yuko rumande na mashine imezimika, je, na mimi nikamatwe? Akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. “Eda, mwanangu, aliacha kapandikiza kirusi. Endelea tu na kazi.” Nilirudi kwenye meza yangu. Kati ya meza ile na chumba chake palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na mkurugenzi alikuwa mtu wa kupaza sauti kwenye simu, kana kwamba Dar ni mbali sana. Nikamsikia, “Shemeji, niambie ukweli, ile kitu uliyoweka inaweza kuleta haya?” Akasikiliza. “Basi. Basi, nyamaza. Wawekezaji wakisikia ni sisi wenyewe tumeharibu, wataondoka. Hapa nina kijana, suala limeshafika polisi, litaishia hukohuko.” Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akauliza habari za watoto.

Watu wananiuliza kwa nini bado nina hasira baada ya miaka yote hii. Kuna wanaosema kila mtu hukosea. Hakika hukosea, na kerneli ile ilikuwa kosa. Ningeweza hata mimi kulifanya. Lakini nilichosikia nyuma ya mbao zile hakikuwa kosa. Alijua. Alijua saa za mchana, akiwa ameshiba, na akauliza habari za watoto.

Sikulia. Niliifungua injini. Niliwasha seva kwa kerneli ya zamani, ileile aliyoiacha Obadia kwenye diski, na sikumwomba mtu ruhusa. Asubuhi iliyofuata taarifa za chai zikapita, picha za mbao zikapita, mashine ikatulia. Nikaiacha hivyo siku kadhaa ili nisijidanganye. Kisha nikairudisha kwenye kerneli mpya, mchana, wakati ambao kwa kawaida haikuganda, nikaiamuru ivute faili kubwa kutoka kwenye kompyuta yangu ya Njombe. Ikaganda faili likiwa halijafika nusu. Nikarudia. Ikaganda. Kwenye kioo paliandikwa kwa Kiingereza kwamba kiini kimepatwa na taharuki, na juu ya mstari huo palikuwa na jina la kiendeshi cha kadi ya mtandao, yaani ile programu ndogo inayoiambia kerneli jinsi ya kuitumia kadi. Kerneli mpya ilikuja na kiendeshi kipya, na kiendeshi hicho kilizidiwa mzigo ulipokuwa mkubwa. Ili niwe na uhakika nikachomoa kadi ya aina nyingine kutoka kwenye kompyuta ya karani, nikaiweka kwenye seva. Kerneli mpya ileile, faili lilelile, na safari hii likapita lote. Nikarudisha kadi ya kwanza. Ikaganda. Hapakuwa na kirusi, wala jini, wala mshindani. Palikuwa na kadi na kiendeshi chake, kama Obadia alivyosema kwenye simu mwanzoni kabisa.

Sikwenda kwa mkurugenzi. Nilikwenda kituoni, nikamwomba mpelelezi wa kesi aje ofisini. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye mafua yasiyoisha ya mtu aliyehamishwa kutoka pwani. Alidhani ninataka kutoa ushahidi dhidi ya Obadia. Alipofika, mkurugenzi akatoka chumbani kwake haraka akikaribisha soda. Nikasema, “Afande, umeambiwa mtuhumiwa aliiharibu mashine hii kwa mikono yake akiwa zamu. Sasa yeye yuko kwako. Nitaifanya izimike mbele yako bila kuigusa zaidi ya kuandika mstari mmoja. Halafu nitaifanya isizimike.” Bwana Festo akasema, “Eda, haya ni mambo ya ndani ya ofisi.” Mpelelezi akafuta pua. “Mambo ya ndani ya ofisi hayana mtu rumande, mzee. Binti, fanya.”

Nikafanya. Mashine ikaganda, taa zikiwaka. Akainama karibu na kioo. “Imeandika nini hapa?”

“Imesema imepatwa na taharuki, afande.”

“Hata mimi ningepata.” Hakucheka. Nikaiwasha kwa kerneli ya zamani, faili likapita. Nikaiwasha kwa mpya na kadi nyingine, likapita. Nikarudisha ya kwanza, ikaganda. Wateja walikuwa wamesogea nyuma yetu. Mpelelezi akavuta kiti akakaa.

“Hiki kiini kipya kaweka nani?”

“Mtaalamu wa mkurugenzi, kutoka Dar. Obadia aliomba akiondoe, akakataliwa.”

“Ni kweli, mzee?”

Bwana Festo alikuwa ameshika chupa ya soda aliyotaka kumpa mgeni. Akasema, “Mimi si fundi. Niliambiwa.”

“Aliyekuambia ni kijana wa rumande au ni huyo mtaalamu?”

Bwana Festo aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na mlango ule ukawa jibu lote tulilopata kwake.

Obadia aliachiwa mchana wa siku iliyofuata. Nilimsubiri nje na koti lake, kisha nikampeleka kwa Bi Zuhura, ambaye alikuwa amechinja kuku na kuwafukuza madereva wote ukumbini. Alikula polepole, akitafuna upande mmoja. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Ilikuwa kadi?”

“Kadi na kiendeshi chake. Ulisema kweli.”

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, “Unajua, Eda, mle ndani wananiuliza kila siku, kwa nini uliharibu, nani alikutuma. Mwanzo nilijua si mimi. Baadaye nikaanza kupitia kila kitu nilichowahi kuandika kwenye ile mashine, nikitafuta kosa langu. Nikaanza kuamini liko, ila nimelisahau.” Akaweka mfupa wa kuku pembeni ya sahani kwa uangalifu. “Nilikuwa karibu kukubali.” Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na birika, akageuka akarudi jikoni. Nilimsikia huko akigongesha vyombo kwa nguvu, akisema peke yake maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyatamka.

Kulikuwa na zaidi. Obadia alikuwa amechumbia Kidugala, na maandalizi yalikuwa yamefika mbali. Habari za polisi zilipofika kule, baba mdogo wa binti alirudisha mahari na ujumbe wa heshima kabisa, kwamba familia inamwombea. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye sebule yao yenye vitambaa vyeupe juu ya viti, nikaeleza habari za kadi na kerneli hadi mdomo ukakauka. Mzee yule alinisikiliza vizuri. Akasema, “Tumekuelewa, mwanangu. Lakini kanisani walishasikia.” Binti alinisindikiza hadi barabarani, na tulipoagana alinishika mkono akakataa kuuachia mpaka gari lilipokuja. Kerneli niliirudisha kwa muda wa kuchemsha chai. Hili hakuna aliyeweza kulirudisha.

Obadia hakugusa seva tena maishani mwake. Alikwenda Makete akafanya kazi ya mbao kwa miaka, akaoa huko, na alipokuwa mzee kidogo akarudi Njombe kulima parachichi. Tulipokutana tulizungumzia parachichi. Mwaka ule, alipokuwa anaondoka, nilimkasirikia hata yeye. Nilitaka arudi, apige meza ya Bwana Festo, adai kuombwa radhi mbele ya wateja walewale. Akaniambia, “Wewe una hasira ya kututosha wote wawili, Eda.” Akapanda gari.

Wawekezaji walikuja. Mashine ilifanya kazi siku hiyo bila kukohoa, kwa kadi niliyoibadilisha mimi, na Bwana Festo aliwaambia, nikisikia, kwamba kampuni ilipitia jaribio la hujuma na ikalishinda. Jioni akaniita kwenye zulia jekundu, akanipa nafasi ya Obadia na nyumba ya kampuni. “Yaliyopita tuyaache,” alisema. Nikamuuliza kama amekwenda kwa wazazi wa Obadia. Akasema atakwenda mambo yakitulia. Nikamuuliza kama atawaambia wageni ukweli kesho. Akasema mimi bado mtoto, siijui biashara. Nikaweka funguo za ofisi mezani, nikaenda kwa Bi Zuhura kufunga begi.

Asubuhi nilikuwa stendi, kwenye upepo ule wa Makambako unaobeba mchanga hadi kwenye meno, basi la Dar likipakia, dereva wa mkurugenzi alipokuja anakimbia kati ya magunia ya viazi. Alikuwa kijana mwema, hatukuwa na ugomvi. “Dada Eda, bosi yuko na wageni mbele ya seva. Anataka kuwaonesha ndani. Inaomba neno la siri, na karani anasema ulilibadilisha wewe.”

Ni kweli, nililibadilisha siku Obadia alipoachiwa, kama inavyotakiwa kufanywa mtu anapoondoka kazini. Sikukusudia kuiba mashine ya mtu, na hospitali zilikuwa zinaitegemea. Nikamwambia atoe kalamu aandike, maneno yote yameshikana, kila moja linaanza kwa herufi kubwa, na asikosee hata herufi moja kwa sababu mashine haitakubali. Aliandika kwenye kiganja, akirudia kila neno nyuma yangu. Alipomaliza aliinua mkono akajisomea, kisha akanitazama.

“Dada, hili ndilo nikamsomee bosi? Mbele ya Wazungu?”

“Msomee kwa sauti,” nikamwambia. “Aandike mwenyewe.”

Akasoma tena, polepole, kuhakikisha: “Obadia Hakuharibu Kitu.”